Mama anakuja Houston na insulini yake: dawa zipangwe vipi kwa safari ya ndege?

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naishi Houston, Texas. Mama yangu ana miaka 68, yuko Tanga, na mwezi wa 7 anakuja kunitembelea kwa wiki 10. Anapanda ndege peke yake, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu. Ndege inaondoka Dar saa 11 jioni, inafika Dubai saa 5 usiku na dakika zake. Hapo anasubiri mpaka saa 3 na nusu asubuhi, kisha anapanda ndege ya saa 16 inayotua Houston saa 10 na nusu jioni, siku hiyohiyo kwa saa za huku.

Mama ana kisukari na presha. Anajichoma insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe ya maziwa ya 30/70, uniti 20 asubuhi na 12 jioni, saa 1 na saa 1. Pia anameza metformini ya miligramu 500 mara mbili, amlodipini ya 10, na dawa ya kukojoa, hidroklorothiazidi ya 25. Usiku anameza pregabalini ya 75 kwa sababu nyayo zinamwaka moto. Magoti yakimsumbua, ananunua tramadoli duka la dawa pale mtaani, na siku hizi yanamsumbua mara kwa mara.

Ndugu wanampa ushauri wa kila namna. Mama mdogo anasema dawa zote ziende kwenye begi kubwa ili asisumbuliwe kwenye ukaguzi. Kaka anataka zitolewe kwenye maboksi zitiwe kwenye kopo moja ziokoe nafasi. Jirani amempa valiamu alale njia nzima. Mimi wasiwasi wangu ni insulini kukosa friji kwa zaidi ya siku nzima, na ajichome saa ngapi wakati saa zenyewe zinarudi nyuma. Naomba mwongozo, tumebakiwa na wiki 6.

Binti wa Tanga, Houston

JIBU

Marahaba, dada. Nitaanza na kile ulichokitaja kwa kupita, tramadoli, kwa sababu ndicho kinachohitaji hizo wiki 6.

Katika Falme za Kiarabu tramadoli ni dawa inayodhibitiwa, na pregabalini pia. Kodeini, hata ile ya ndani ya dawa ya kikohozi, imo kundi hilohilo, na valiamu ya jirani vilevile. Anayeingia nazo nchini anatakiwa awe ameomba kibali mapema kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa ya huko, akiambatisha cheti cha daktari na ripoti ya ugonjwa wake. Utasema mama haingii Dubai, anapita tu. Lakini anakaa pale kwa muda wa saa 10, usiku kucha. Akipewa hoteli nje ya kiwanja, au ndege ikiahirishwa, atapitishwa uhamiaji na forodha, na begi lake la mkononi litapita naye. Vidonge vya tramadoli vilivyonunuliwa mtaani bila cheti havina utetezi wowote mbele ya ofisa wa forodha. Hata Marekani tramadoli na pregabalini zote zimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, japo anayebeba kiasi cha matumizi yake akiwa na cheti hapati shida.

Kwa hiyo wiki hii mama aende kwa daktari wake, siyo duka la dawa, aseme ukweli kuhusu tramadoli: anameza ngapi kwa siku, na ameanza lini. Kama amekuwa akizitumia karibu kila siku kwa miezi, asiziache ghafla. Atatokwa jasho, atatetemeka, atakosa usingizi, na mtadhani ni sukari. Zipunguzwe kidogokidogo, na wiki 6 kwa kawaida zinatosha. Pregabalini nayo haikatwi siku moja. Daktari ataamua kama ataipunguza na kumbadilishia dawa nyingine ya nyayo, au ataiacha iendelee, na hapo mtaomba kibali. Ikibaki, isafiri kwenye boksi lake pamoja na cheti na kibali kilichochapishwa.

Kwa magoti, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500, hadi mara tatu kwa siku inawatosha wengi. Ninachokiogopa ni kwamba tramadoli ikiondolewa mtu atampa diklofenaki au ibuprofeni. Kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari, presha na dawa ya kukojoa, hizo huziumiza figo na kuipandisha presha. Zisiingie kwenye begi lake, na wewe huko Houston usimnunulie. Vilevile soma boksi la dawa yoyote ya mafua kabla hujampa. Zile za kuzibua pua zenye pseudoefedrini hupandisha presha.

Sasa insulini. Begi kubwa hapana kabisa, na mama mdogo umwambie hivyo kwa heshima zote. Begi la chini likipotea dawa zote zimepotea nalo, lakini hata lisipopotea, sehemu ya mizigo inaweza kuwa na baridi kali. Insulini ikiganda imekufa. Ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima kwa mbali, na nguvu haina. Mtaliona kosa siku ya tatu, sukari imepanda na hakuna anayejua kwa nini.

Hofu yako ya friji ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Kichupa kinachotumika hukaa nje ya friji kwa wiki kadhaa ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30. Karatasi iliyo ndani ya boksi inataja joto na idadi ya siku za aina yake, na kwa nyingi kiwango cha chini ni siku 28. Vichupa ambavyo havijafunguliwa ndivyo vinavyohitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa akiba ya muda mrefu, na safari ya siku moja na nusu haiviharibu. Adui ni jua na joto la gari kutoka Tanga hadi Dar, siyo ndege. Pochi ya kitambaa inayololoweshwa maji inatosha. Kama haipatikani, chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuze kwa maji baridi, uyamwage, kisha tia vichupa vikiwa vimeviringishwa kwenye kitambaa kikavu. Barafu isiguse kichupa. Na ndani ya ndege mama asikubali wahudumu wamwekee insulini kwenye friji yao. Huwa inawekwa karibu na barafu, halafu abiria anateremka ameisahau.

Hesabu ya kiasi ni hii. Wiki 10 za kukaa, ongeza wiki 2 za akiba, ni siku 84, na mgeni anayeingia Marekani anashauriwa asizidishe dawa za siku 90. Uniti 32 kwa siku mara 84 ni 2,688. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000, na kikifunguliwa tukihesabu siku 28, basi vichupa 3 vinatosha sawasawa. Achukue 4, kimoja cha kuvunjika. Mabomba ya sindano ya insulini 168, yaani boksi 2 za mia mia. Stripu za kupimia sukari boksi 4 za 50. Metformini 168, amlodipini 84, hidroklorothiazidi 84. Vigawe viwili, nusu kwenye mkoba anaouvaa begani, nusu kwenye begi dogo la magurudumu, yote mawili yakae naye juu. Ikitokea begi dogo limechukuliwa mlangoni mwa ndege kwa sababu nafasi imejaa, mkoba wa begani unabaki.

Kuhusu kopo la kaka, dawa zibaki kwenye maboksi. Najua zinavyouzwa kwetu. Muuzaji anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anakupa sita ndani ya bahasha ya kaki, juu ameandika 1x2 kwa kalamu. Jina limebaki kwenye kipande alichokibakiza dukani. Ofisa wa Houston akiona hizo atakuwa ameona vidonge vyeupe visivyo na jina, na 1x2 haimwambii kitu. Mnunue boksi zima zilizofungwa, hata kama ni ghali kidogo kwa mara moja. Mizizi na unga wa dawa za asili visivyo na jina vibaki Tanga.

Barua ya daktari iwe ya Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na muhuri, saini na namba ya usajili ya daktari. Itaje ugonjwa, kila dawa kwa jina lake halisi siyo la kampuni, kipimo chake kwa maneno kamili, na kwamba mgonjwa lazima abebe sindano na insulini mkononi. Itaje pia vile vichupa 4 na sababu ya kile cha nne. Halafu kagueni jina. Kadi ya hospitali mara nyingi ina majina mawili aliyoandikishwa siku ya kwanza, au jina la mume, wakati pasipoti ina majina matatu kwa mpangilio mwingine. Barua ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Nakala moja kwenye mkoba, nyingine kwenye begi, na picha yake kwenye simu yako.

Kwenye ukaguzi insulini na sindano zinaruhusiwa, na kikomo cha mililita 100 za vimiminika hakiwahusu wabeba dawa ilimradi waseme mapema. Mama hataweza kueleza, basi muandikie kadi ya Kiingereza ya mistari mitatu: nina kisukari, nimebeba insulini na sindano, barua ya daktari hii hapa. Aitoe kadi kabla begi halijaingia kwenye mashine. Glukosi ya unga ya kopo asibebe, maana unga mwingi kwenye begi la mkononi kwa ndege zinazoingia Marekani unaweza kufunguliwa au kuzuiwa. Pipi ngumu na biskuti zinafanya kazi ileile.

Saa za kujichoma ndiyo sehemu ya kwenda nayo kwa daktari ikiwa imeandikwa, kwa sababu yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya uniti. Mwezi wa 7 Houston iko nyuma ya Dar kwa saa 8. Maana yake siku moja ya mama itakuwa na saa 32, na insulini yake imepimwa kwa siku ya saa 24. Saa ya mkononi ibaki na saa za Dar mpaka atue.

Siku ya kuondoka asubuhi anajichoma uniti 20 nyumbani kama kawaida. Saa 1 usiku atakuwa angani, na chakula cha jioni cha ndege ya kwanza huja karibu na muda huo. Uniti 12 hapo, ila asichome mpaka sinia liko mbele yake. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayoanza kazi ndani ya nusu saa, na ndege ikiingia kwenye mitikisiko wahudumu hukaa chini na chakula kinachelewa saa nzima. Asubuhi Dubai, saa 2 kwa saa za pale ambayo ni saa 1 ya Dar, apate kifungua kinywa cha maana na uniti 20 kabla hajaitwa kupanda. Mpigie simu saa hiyo. Huko kwako itakuwa saa 5 usiku.

Ugumu uko kwenye ndege ya pili. Saa 1 usiku ya Dar inamkuta zaidi ya saa 10 tangu apae, katikati ya milo, taa zimezimwa. Njia moja ni kuomba chakula kidogo muda huo, achome 12, kisha akifika kwako apate kipimo kidogo cha nyongeza na chakula cha jioni, ambacho daktari atakitaja kwa namba. Njia ya pili ni kungoja mlo wa mwisho, saa mbili hivi kabla ya kutua, achome 12 hapo, na asubuhi yake saa 1 ya Houston arudi kwenye 20 zake. Njia ya pili itaipandisha sukari kidogo, ila kwa mama anayesafiri peke yake mimi naiona salama zaidi kwa kuwa ina hesabu chache. Sukari ya 12, kwa kipimo cha kwetu, kwa siku moja haimuangushi. Ya 3, amelala, jirani wa kiti akidhani amechoka tu, hiyo ndiyo ya kuogopa. Njia yoyote mtakayochagua, apime kila saa 4 akiwa macho. Ikiwa chini ya 4, ale pipi zenye sukari kama gramu 15 au nusu glasi ya soda ya kawaida, angoje dakika 15, apime tena. Na hapo ndipo penye jibu la valiamu: mtu aliyelazwa kwa dawa hasikii dalili za sukari kushuka, na miguu yake haisogei saa 16.

Kuna jambo la kichupa ambalo hospitali hazina sababu ya kulifundisha. Nyumbani mama huingiza hewa ya uniti 20 ndani ya kichupa kabla ya kuvuta 20. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi, kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, wakati iliyofungiwa ndani ya kichupa ni ya chini kule Dar na tayari inasukuma. Akiingiza hewa yote, insulini itaruka kwa povu na mapovu yatashika nafasi kwenye bomba, aone 20 kumbe ni pungufu. Aingize nusu tu. Kabla ya hapo akiviringishe kichupa taratibu kati ya viganja mpaka weupe uwe sawasawa, asikitikise. Kikibaki na vidonge vidonge au vumbi linaloganda ukutani, hicho ni cha kutupa. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, zisiachwe kwenye mfuko wa kiti.

Amlodipini haina haja ya hesabu hizi, inakaa mwilini muda mrefu, na saa nane za kuchelewa hazionekani. Metformini ifuate chakula. Dawa ya kukojoa ndiyo wazee huiruka wenyewe, na maji hawanywi, kwa kuona tabu kwenda chooni. Kiti cha pembeni mwa njia karibu na choo kinamaliza ubishi huo. Kiombe leo, pamoja na kiti cha magurudumu, ambacho hakilipiwi ila kiombwe angalau saa 48 kabla. Chakula maalumu cha kisukari usiagize. Mara nyingi wanga wake ni mdogo na uniti zake ni zilezile.

Asimame atembee kila baada ya saa moja au mbili, na akikaa apindishe vifundo vya miguu, ili damu isigande kwenye mishipa ya mguu. Soksi za kubana zinasaidia, lakini nyayo zinazowaka moto ni dalili ya mishipa ya fahamu iliyoumia, na mguu wa namna hiyo wakati mwingine hata damu haiupati vizuri. Daktari aushike mapigo kwanza, kwa sababu soksi kali kwenye mguu usio na damu ya kutosha huleta kidonda. Viatu viwe vilegevu kidogo, na asitembee peku ndani ya ndege.

Akishafika, usishtuke kipimo cha huko kikisema 180. Wamarekani wanahesabu kwa kipimo kingine. Gawanya kwa 18 utapata 10 ya kwetu. Insulini ikiharibika, ile ya 30/70 huko wanaiandika 70/30 lakini mchanganyiko ni uleule, na insulini ya binadamu ya aina hiyo huuzwa bila cheti katika majimbo mengi. Parasetamoli wanaiita asetaminofeni. Bima ya safari nunua kabla hajaondoka, na usome kama inalipa magonjwa aliyonayo tayari, kwa kuwa za bei rahisi nyingi hazilipi.

Na akipata homa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, usimpe dawa ya mafua ungoje kesho. Mpeleke, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ametoka Tanzania na apimwe malaria siku hiyohiyo. Wasipoambiwa, wengi wao huanza kutafuta kitu kingine.